Haki ya Moto

Zuhura mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu baba'ko anasikia. Tangu macho yake yazimike, masikio yamechukua kazi zote mbili, na nyumba yetu hii ya Chumbageni haina ukuta wa kuzuia neno. Nikikuita uani nikunong'oneze, atauliza tulikuwa tunasema nini. Karatasi tu ndiyo asiyoisikia. Sasa hivi tumeshasali alasiri, wewe umekwenda Raskazone kumuaga shangazi yako, yeye yuko barazani na redio yake, na mimi nimekaa jikoni na kalamu yako ya chuo. Ameniuliza nafanya nini. Nimemwambia nachambua mchele.

Sitakuandikia habari za kufunga begi wala za kuangalia vitu vyako ndani ya basi. Akili unazo, na mengine utayajua ukishaibiwa. Nina jambo moja tu la kukuomba, nalo nataka ulitimize kesho asubuhi kabla hujatoka mlangoni. Ni juu ya ile ahadi uliyompa baba'ko.

Siku ile ulipomwambia kwamba kiwanda cha kule Mkoa wa Pwani kimekuchukua, uso wake ulianguka. Ukauona, ukaogopa, ukasema, "Nakwenda kujifunza tu, baba. Nikishazijua mashine zao nitarudi tuifufue kalibu yetu ya masufuria." Nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka chini. Mimi na wewe tunajua kwamba hutarudi. Labda sikukuu, labda kwenye msiba. Lakini kurudi kwa maana aliyoielewa yeye, uvae dera lako la kazi uwashe moto, hutarudi, na wala sikulaumu. Ningekuwa na umri wako ningekwenda na nisingegeuza shingo.

Tangu siku hiyo amekuwa mtu mwingine. Amemwambia kinyozi, amemwambia muuza kahawa, msikiti mzima unajua kwamba binti wa Fundi Mbaruku anakwenda kuleta mashine. Alinishika mkono nimpeleke uani, akapima kwa hatua mahali itakapokaa, akaniuliza kama paa litatosha. Nikasema litatosha. Ameniagiza niwe nauchekecha mchanga wa kalibu kila siku usishikane, ili ukirudi uukute uko tayari. Na mimi nachekecha. Nasimama pale na chekecheke langu kama mwehu, nachekecha mchanga wa kazi isiyokuwepo, naye yuko barazani anausikia unavyodondoka, ameridhika.

Wewe umezaliwa umeikuta kalibu, hukuwahi kuniuliza mimi niliingiaje. Nimezaliwa Mwera, kwa wakulima. Sufuria nilikuwa naijua kwa ndani tu, upande wa wali. Nilipoolewa na baba'ko nilidhani zinafinyangwa kama vyungu, au labda zinagongwa kwa nyundo. Siku ya kwanza niliyomwona akiizika sufuria nzima kwenye fremu ya mchanga, akaushindilia ule mchanga kwa ngumi, akaifungua fremu vipande viwili na kuitoa sufuria taratibu, pakabaki shimo lenye umbo lake, nilimuuliza, "Sasa mbona umeitoa?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanionyesha kwamba anachokitaka ni ile nafasi iliyobaki. Humo ndimo alimomimina alumini iliyoyeyuka, vipande vya injini mbovu na masufuria ya watu yaliyotoboka, ikaganda, akauvunja mchanga, akatoa sufuria mpya yenye moto wake. Mchanga uleule ukachekechwa, ukanyunyiziwa maji kidogo, ukarudi kazini. Hiyo ndiyo kalibu ya mchanga, na wewe umekula na kuvaa na kusoma kwa huo mchanga.

Mama yangu alipokuja kunitembelea mara ya kwanza akanikuta nina vumbi jeusi mpaka puani. Alilia. Alisema hakunioza kwa mtu wa majivu. Nikamwambia, "Mama, hapa angalau vyombo havitaniishia." Nilikuwa na maneno siku zile. Nilidhani mtu akiwa na maneno basi anajua kusema.

Baba'ko mwenyewe hakuipenda sana kazi ya mchanga, ilikuwa ya chakula tu. Aliyoipenda ni kazi ya nta. Mdomo wa dele la kahawa, kwa mfano, ule uliopinda, huwezi kuuzika mchangani, maana kiolezo chake hakitoki bila kuubomoa mchanga wenyewe. Basi aliufinyanga kwa nta ya nyuki, akaukandika udongo ndani na nje, akauanika siku kadhaa kivulini, kisha akaupasha moto mpaka nta yote ikatiririka nje, na palipokuwa na nta akamimina shaba. Nta inapotea, udongo unavunjwa, na mdomo wa dele unabaki mmoja, huwezi kutoa wa pili ulio sawasawa nao. Alikuwa akisema hiyo ni kazi ya mtu asiye na haraka na asiye na watoto. Ulipozaliwa akaiacha. Hakukulaumu, usije ukadhani hivyo. Aliiweka nta yake kwenye kopo juu ya kabati, na siku moja nikaipaka kwenye mlango uliokuwa ukilia, akanikuta, akageuka akatoka.

Katika kazi hii kuna jambo moja ambalo wateja hawalijui, na ndilo lililotumaliza. Wewe unalijua tangu hujui kusoma, lakini niache niliseme kwa namna yangu. Alumini ikiwa moto inatanuka, ikipoa inasinyaa. Shaba nayo hivyo hivyo, chuma hivyo hivyo, kila kimoja kwa kiasi chake. Kwa hiyo kiolezo hukichongi sawa na kitu unachokitaka. Unakichonga kikubwa kidogo, ili kitu kikishapoa kitoke kipimo chake. Hicho kidogo kinachozidi baba'ko alikiita haki ya moto. Nilipokuwa mgeni wa kazi nilimuuliza kwa nini anaharibu mbao kwa kuchonga vitu vinene, akaniambia, "Mwanahawa, moto lazima atachukua chake. Basi mimi namkatia mapema, asije akachukua changu."

Alikuwa na rula ya mbao aliyoachiwa na babu yako, inchi zake ndefu kidogo kuliko inchi za watu wengine, kwa ajili ya kupimia violezo tu. Kitanda chetu cha kwanza alikipima kwa rula hiyo kwa kusahau. Godoro lilipoletwa likabaki na mfereji pembeni, na kila usiku mmoja wetu alikuwa akitumbukia mguu. Alikataa kukirekebisha. Alisema godoro ndilo lililosinyaa. Mtaa ulicheka mpaka ukachoka, na mimi nilicheka nao, na kwa kweli nilikuwa na furaha.

Ile habari ya puli unaijua, ulikuwepo. Lakini hatujawahi kuizungumza, mimi na wewe, hata mara moja.

Shamba la mkonge la njia ya kwenda Mwera ndilo lililokuwa likituweka mjini. Mashine zao ni za zamani, vipuri havipatikani dukani, basi puli zao za kuzungushia mikanda, na bushi, zilitoka uani kwetu. Kiolezo cha puli kilikuwa cha mti wa mwembe, na msimu ule wa mvua mchwa wakakila. Baba'ko angechonga kingine kwa siku moja, zamani. Lakini macho yalikuwa yameshaanza kumtupa na hakutaka tujue. Tulikuwa tunajua. Alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe. Alichofanya ni kuchukua puli ya alumini iliyokuwa imebaki kwenye rafu, akaizika mchangani iwe ndiyo kiolezo. Puli ikazaa puli.

Ile ya kwanza ilikuwa ndogo kidogo tu, mkanda wa mashine ukaikubali. Oda nyingine ikaja, akachukua moja katika hizo mpya akaifanya kiolezo. Nyingine ikaja, akafanya vile vile. Kila mara moto ulichukua haki yake kwenye kitu ambacho hakikukatiwa. Haonekani mwizi, hasikiki. Unaweka mbili pamoja kwenye meza unaona ni pacha, na mjukuu ukimweka karibu na babu yake ndipo unaona.

Wewe uliona. Ulikuwa sekondari, ulikuja jikoni na rula yako ya shule na puli mkononi. "Mama, hizi zinapungua," ukaniambia. "Nimeipima na ile ya kwanza. Nikamwambie baba?"

Nikakwambia, "Usimkatishe baba'ko tamaa. Anajua anachofanya."

"Hajui, mama. Haoni."

Nikakuziba mdomo kwa kiganja. Nakumbuka kiganja changu kilikuwa na unga. Ulinitazama juu ya mkono wangu kwa macho ambayo sijayasahau, kisha ukairudisha rula kwenye mkoba wa shule na hukusema tena. Na zile puli zikapakiwa zikaenda shambani.

Fundi Seif, yule bwana wa mitambo ya shamba, alikuja mwenyewe. Mtu mpole, unamkumbuka. Alizitoa puli mbili kwenye gunia akaziweka kwenye mkeka mbele ya baba'ko, ile ya zamani na ile ya mwisho, akakubali kahawa kwanza, akaulizia afya za watu wote wa nyumba. Kisha akasema kwa utani, maana hakuwa na njia nyingine, "Fundi Mbaruku, hii yako imefunga Ramadhani ngapi?"

Baba'ko akacheka. Kisha akanyoosha mikono, akazipapasa zote mbili, kidole kwenye ukingo wa moja, kidole kwenye ukingo wa nyingine, akazunguka nazo polepole, akarudia. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona alipojua.

"Alumini ya siku hizi mbaya," akasema.

"Huenda," akasema Fundi Seif. "Lakini mhimili hauingii, na mkanda unaruka. Tumesimamisha mashine mbili. Wakubwa wameamua vipuri vyote sasa vitoke nje." Akaniangalia mimi, si yeye. "Mama Zuhura, humu ndani hamkuwa na mtu wa kumwambia?"

Nikachukua birika nikaenda kupasha kahawa ambayo ilikuwa bado ya moto. Mtu wa kumwambia alikuwemo. Alikuwa chumbani anafanya hesabu za shule, na mimi ndiye niliyemziba mdomo.

Nimejieleza mara nyingi kwamba nilifanya kwa mapenzi. Ni kweli, nilifanya kwa mapenzi. Nilimpenda mno, sikutaka aaibike mbele ya mtoto wake, nikaona bora zipungue puli kuliko apungue yeye. Matokeo yake akaaibika mbele ya mgeni, kwenye mkeka wake mwenyewe, na hakuna aliyekuwa karibu yake kumshika. Sijawahi kumwomba radhi, kwa sababu kumwomba radhi ni kumwambia kwamba tulijua. Basi nimebaki nalo.

Daktari alipotuambia kwamba mshipa wa nyuma ya jicho umekufa na hakuna upasuaji wa kuufufua, wewe ulilia njiani na mimi sikulia. Nilikuwa nafikiria chungu. Chungu cha kuyeyushia kikishajaa alumini hakibebwi na mtu mmoja. Mmoja anashika chuma cha mbele, mwingine cha nyuma, mnatembea hatua moja, mnainama pamoja, na mkipishana kidogo tu miguu yenu imekwisha. Baba'ko alikuwa mbele, mimi nyuma. Ukaja wewe mbele. Nimeutazama mgongo wako kwenye ule moshi mpaka naujua kuliko uso wako. Ulipokuwa na homa nilimwomba jirani anisaidie, akafika karibu ya tanuri, lile joto likampiga, akauachia upande wake nikaruka kama mbuzi. Alisema samahani akiwa tayari yuko nje ya geti.

Kwa hiyo kesho ukiondoka tanuri halitawashwa tena. Sisemi kwa hasira, ndivyo ilivyo tu. Hakuna kijana wa mtaa huu atakayekuja kuunguza miguu kwa sufuria mbili za shughuli kwa msimu, na hata hizo mbili watu wanaanza kuacha kuziagiza.

Ulinieleza wanavyosubu huko unakokwenda. Kalibu ni ya chuma kigumu, inafunga, mashine inaisukuma alumini ndani kwa nguvu, inapoa pale pale, kalibu inafunguka, kitu kinaanguka, inafunga tena. Vishikio vya sufuria, vichwa vya majiko ya gesi, vitu elfu vyote sawa, na kalibu haivunjwi. Nilikuuliza haki ya moto nani anaikata. Ukasema wameshaikokotoa kwenye kompyuta kabla hata kalibu haijachongwa. Nikakuuliza nani anavunja mchanga. Ukasema, "Mama, hakuna mchanga." Ulisema taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari ya kifo, na macho yako yalikuwa yanang'aa. Hapo ndipo nilipojua. Mtu aliyeona hivyo harudi kushindilia mchanga kwa ngumi. Na hiyo mashine ulisema ni kubwa kama nyumba ya jirani, sasa itaingia uani kwetu kwa mlango gani?

Halafu hao ndio waliotumaliza, wao na wenzao wa nje, kwa masufuria yao mepesi. Hilo nalo tunalijua sote na hatulisemi. Mimi siwachukii. Nikwambie kitu cha kukuchekesha: ninayo moja. Niliinunua sokoni nikaificha chini ya kitanda, na baba'ko akienda msikitini naitoa. Inachemka haraka. Sufuria za baba'ko mpaka zishike moto unaweza kwenda Pangani na kurudi.

Tena leo asubuhi akatulazimisha tukusubie sufuria ya kuondoka nayo. Kumpa sufuria mtu anayekwenda kwenye kiwanda cha masufuria ni kama kumfungia samaki mtu anayekwenda soko la samaki la Deep Sea, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia. Tukawasha, tukabeba, tukamimina. Mchanga ulikuwa na unyevu, nadhani mimi ndiye niliyezidisha maji, mawazo yalikuwa mbali. Tulipoivunja nikauona ufa ubavuni, mwembamba, unaanzia ukingoni unateremka. Wewe pia uliuona. Tukatazamana. Tukampelekea.

Aliikalisha mapajani akaigonga kwa kifundo cha kidole, kama anavyozigonga zote. Sufuria nzima hulia, unaijua ile sauti, inakaa hewani. Hii ilitoa sauti ya kibuyu. Mimi nisiye fundi niliisikia. Kidole gumba chake kikatembea ubavuni, kikafika penye ufa, kikasimama. Kisha akasema, "Imelia vizuri. Mpeni mwanangu."

Ukasema, "Ahsante, baba." Mimi nikasema, "Mashaallah." Sote watatu, Zuhura, katika pumzi moja. Sufuria mbovu kama ile angeitupa kwenye chungu iyeyushwe upya, na angetutukana mimi na wewe mpaka adhuhuri. Ningetoa chochote atutukane. Badala yake ametuhurumia, kama sisi tulivyomhurumia, na humu ndani hakuna tena mtu anayemwambia mwenzake kitu.

Ameniita sasa hivi. "Mama Zuhura, mchele gani huo usiokwisha?" Nimesema una mawe mengi. Amecheka. Sijui kama ameamini.

Ulipokuwa mdogo watu walisema umefanana na baba'ko, nikajivuna, nikakusukuma ufanane zaidi. Nilimchukua yeye alivyokuwa, mtu mzima aliyekwisha kupoa, nikamfanya kiolezo chako, wala sikukuongezea kitu. Nilikuambia utembee kama yeye, ufanye kazi kama yeye, uumie kimya kama yeye. Umetoka na ule ukimya wote, lakini vile vicheko vyake vya kukaa chini, hapana. Sikumbuki lini umecheka mpaka ukakaa chini. Hili nakuandikia si kwa kuwa ninayo dawa yake. Sina. Una miaka yako, umeshaganda, na mimi siwezi kukurudisha kwenye moto. Nataka tu ujue kwamba hukuzaliwa hivyo.

Kutoka kwangu umechukua kingine. Ukiona uso wa mtu umeanguka, unatoa ahadi. Nimekuona ukifanya kwa marafiki zako, kwa mwalimu, kwa yule kijana wa watu aliyetaka kukuposa ukashindwa kumwambia hapana mpaka akachoka kungoja. Ni ule mkono wangu wenye unga, sasa unajiziba mwenyewe. Huko kiwandani utawakuta watu wa kukuomba ukae zaidi, ukubali zaidi, na nyuso zao zitaanguka. Sijui nikwambie nini. Mimi nimefika umri huu na bado nachekecha mchanga.

Basi ombi langu ni hili. Karatasi hii nitaitia ndani ya viatu vyako vya safari, uisome kabla hujavivaa. Asubuhi baba'ko atakuja mpaka mlangoni. Atakushika kichwa, atakusomea dua, atakupulizia, kisha atakuuliza, "Utarudi lini?" Namjua, hatajizuia. Nakuomba umwambie, "Baba, kwenye kalibu sitarudi." Useme kwa sauti, umemshika mkono, na usitoke mpaka akujibu, hata basi likikuacha. Usimwambie "labda". Usimwambie "inshallah" ile ya kukwepa. Mimi nitakuwa nimesimama pale pale, na safari hii sitakuziba mdomo.

Huenda akalia. Huenda akakwambia neno baya ukaondoka nalo mpaka huko. Huenda asiseme kitu, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Wala sikudanganyi kwamba itamsaidia. Sidhani kama itamsaidia. Ukimwondolea ile mashine hakuna kitu cha kuweka mahali pake, nimetafuta, hakuna. Atabaki barazani na redio, nami nitabaki naye, na uani patakuwa kimya. Hatutapona kwa ukweli wako. Lakini ule uongo mwingine, wa zile puli, nilishaufanya mara moja na nimeuona mwisho wake.

Na kuna hili, nalo ni la kwangu peke yangu, nisamehe. Wewe ukimdanganya, utamdanganya mara moja, kisha utapanda basi. Mimi ndiye nitakayebaki kumdanganya kila siku, kila gari litakaposimama nje akainua kichwa na kuniuliza kama ni wewe.

Mimi usiniambie utarudi lini. Sitakuuliza.

Mama'ko